Pesa yako imekwama KRA: tafuta mstari usiolingana

KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, hurudisha pesa iliyoipokea kwa PIN yako (namba yako ya mlipa ushuru), si pesa iliyokatwa kwenye mshahara wako. Ukishaiona tofauti hiyo, unaelewa kwa nini maombi mengi ya kurudishiwa ushuru wa mapato hukaa miezi na miezi bila jibu. Mfanyakazi ana P9 mkononi, hati ya mwajiri ya makato ya mwaka, inayosema alikatwa Sh93,683 kwa mwaka. Mwajiri wake, katika ritani za PAYE (ushuru unaokatwa kwenye mshahara) anazowasilisha kila mwezi, ameandika jumla ya Sh80,300. Karani anayelifungua ombi anaona namba mbili, na hana ruhusa ya kuchukua ile inayomfaa mwombaji. Analiweka kando, anachukua lingine.

Tofauti ya namba hizo mbili ni Sh13,383, na haikuja hivi hivi. Tutairudia.

Kwanza hakikisha unadai kweli. PAYE hukatwa kwa mwezi, lakini ushuru wa mapato ni wa mwaka mzima. Kila mwezi mwajiri hukukata kana kwamba mshahara ule ule utaingia miezi 12. Chukua mtu aliyefanya kazi Januari hadi Julai 2025, na mapato yake yanayotozwa ushuru, baada ya kuondoa NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya ya taifa) na tozo ya nyumba, yakawa Sh70,000 kwa mwezi. Sh24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, ambayo ni Sh2,400. Sh8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, yaani Sh2,083. Sh37,667 zilizobaki hutozwa asilimia 30, yaani Sh11,300. Jumla ni Sh15,783. Ondoa nafuu ya binafsi ya Sh2,400, anabaki na Sh13,383 za kukatwa kila mwezi. Kwa miezi saba, ukihesabu na senti, ni Sh93,683.

Sasa piga hesabu ya mwaka. Mapato ya miezi saba ni Sh490,000. Sh288,000 za kwanza kwa asilimia 10 ni Sh28,800, Sh100,000 zinazofuata kwa asilimia 25 ni Sh25,000, na Sh102,000 za mwisho kwa asilimia 30 ni Sh30,600. Jumla Sh84,400. Nafuu ya binafsi ya mwaka ni Sh28,800, hata kama miezi mitano ulikaa nyumbani bila kazi. Ushuru halali wa mtu huyu ni Sh55,600. Alikatwa Sh93,683. Anadai Sh38,083.

Hizo ni pesa za kodi ya nyumba ya mtu ambaye hana kazi tangu Agosti, ndiyo maana kuchelewa kwake si jambo dogo. Kinachosikitisha zaidi ni kwamba walioachishwa kazi katikati ya mwaka mara nyingi wanadai, na wengine hawaombi, kwa kuwa wanadhani kilichokatwa kimekwenda.

Kuna vyanzo vingine. Bima ya maisha, ya afya au ya elimu ya mtoto hukupa nafuu ya asilimia 15 ya unacholipa, isiyozidi Sh60,000 kwa mwaka. Ukilipa Sh5,000 kila mwezi, nafuu yako ni Sh9,000. Sera ya elimu lazima iwe ya miaka 10 au zaidi. Riba ya mkopo wa nyumba unayoishi mwenyewe huondolewa kwenye mapato hadi Sh360,000 kwa mwaka, na michango ya pensheni hadi Sh30,000 kwa mwezi. Viwango hivi viwili vilipandishwa na mabadiliko ya sheria yaliyoanza 27 Desemba 2024, na mabadiliko hayo hayo ndiyo yaliyofanya SHIF na tozo ya nyumba ziondolewe kwenye mshahara kabla ya ushuru kuhesabiwa. Hapo ndipo pa kuchunguza pesilipu za 2025. Kwa mshahara wa Sh80,000, SHIF ni Sh2,200 na tozo ya nyumba ni Sh1,200. Mwajiri asipoziondoa, Sh3,400 zinatozwa asilimia 30 bila sababu. Ni Sh1,020 kwa mwezi, Sh12,240 kwa mwaka. Sheria ya Fedha ya 2025 imemlazimu mwajiri kuweka nafuu na makato yote unayostahili kabla hajahesabu PAYE, lakini kama hakufanya hivyo, pesa hiyo unaidai mwenyewe kwenye ritani.

Sasa turudi kwenye Sh13,383.

Kabla hujajaza chochote, ingia iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, chagua ritani ya mwenye mapato ya ajira pekee, na uiangalie kabla ya kuituma. Mfumo huleta wenyewe kile mwajiri alichoripoti juu yako. Weka P9 pembeni, teremka nayo mwezi kwa mwezi. Namba zote zikilingana, una bahati, endelea. Zisipolingana, gawanya tofauti kwa makato ya mwezi mmoja. Katika mfano wetu jibu ni moja kamili: kuna mwezi mmoja ambao KRA haina habari nao. Tofauti ikiwa mara mbili ya makato ya mwezi, tafuta miezi miwili. Ikiwa ni kiasi kidogo kisichogawanyika, chunguza bonasi, malipo ya likizo au marupurupu ya siku za mwisho kazini, ambayo mara nyingi hulipwa nje ya orodha ya kawaida ya mishahara na kusahaulika.

Mwezi hupotea kwa njia chache zinazojulikana. Mhasibu aliandika PIN yako vibaya. PIN ya mtu binafsi huanza na A, ikafuatwa na tarakimu tisa na herufi moja mwishoni, na tarakimu moja ikiteleza, ushuru wako unasomeka kwa mtu mwingine. Au jina lako lilirukwa kwenye orodha ya mwezi uliojiunga au ulioondoka. Au kampuni ina PIN mbili, moja ya kampuni mama na nyingine ya kampuni tanzu, P9 ikachapishwa kwa moja na PAYE ikalipwa kwa nyingine. Na kuna ile njia mbaya kuliko zote: mwajiri aliwasilisha ritani lakini hakulipa, au alikata na hakuwasilisha kabisa.

Njia tatu za kwanza zina dawa moja, na dawa hiyo iko kwa mwajiri. KRA haiwezi kuisahihisha ritani ya PAYE ya kampuni kwa kuwa wewe umelalamika kaunta. Mwandikie mhasibu ukitaja mwezi, kiasi na PIN sahihi, umwombe arekebishe ritani ya mwezi huo na akupe nakala ya risiti ya iTax ya marekebisho pamoja na uthibitisho wa malipo. Usimwambie tu kwamba P9 ina makosa. Ukisema hivyo atakuchapishia P9 nyingine, ambayo haitabadilisha chochote, kwa kuwa P9 inatoka kwenye kompyuta yake na si kwenye mfumo wa KRA.

Njia ya nne ni nzito. Kusanya pesilipu za miezi yote, taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ulioingia ukiwa umeshakatwa, na barua ya ajira. Wasilisha hivyo kwa maandishi kwa KRA ukieleza kwamba mwajiri alikata. Deni la PAYE ambayo haikufikishwa ni la mwajiri, na KRA ina nguvu ya kumfuata. Lakini usitarajie kurudishiwa pesa ambayo bado haijaingia. Kama sehemu ya dai lako inatokana na miezi iliyolipwa vizuri, hakikisha maelezo yako yanaitenga sehemu hiyo, ili isifungwe pamoja na ile yenye mgogoro.

Kwenye ritani yenyewe, kosa linaloonekana kila mwaka ni kujaza karatasi F ya fomu ya ritani, ya mapato ya ajira, na kuisahau karatasi M, ya PAYE iliyokatwa. Ukifanya hivyo mfumo unaona mtu aliyelipwa mshahara na hakulipa ushuru hata shilingi, na badala ya kudai unadaiwa. Kosa la pili ni kusahau kuandika michango ya pensheni na makato mengine yanayoruhusiwa kwenye karatasi T, ambako hesabu ya mwisho hufanyika. PIN ya mwajiri inayoandikwa F na M iwe ile ile iliyotumika kuwasilisha PAYE. Ukimaliza, mstari wa mwisho wa T ndio wa kutazama: ukionyesha namba hasi, hiyo ndiyo pesa unayodai.

Wengi hufika hapo wakatuma, wakafunga kompyuta, wakaanza kusubiri. Ritani yenye namba hasi inasema tu kwamba una salio. Ombi la kulipwa salio hilo ni hatua ya pili, chini ya menyu ya “Refunds” ndani ya iTax, na lina risiti yake na namba yake. Kama huna namba hiyo, hujaomba. Kuna watu wanaosubiri mwaka wa pili sasa kitu ambacho hakijawahi kufika kwenye meza yoyote.

Ombi liende na vielelezo vyake siku ile ile: P9, cheti cha kampuni ya bima kinachoonyesha kiasi ulicholipa mwaka huo (si barua ya kukukaribisha kwenye sera), cheti cha benki cha riba ya mkopo wa nyumba kinachotenganisha riba na mkopo wenyewe, na kama uliacha kazi, barua inayoonyesha tarehe. Akaunti ya benki iwe na jina lile lile lililo kwenye PIN. Aliyebadilisha jina baada ya ndoa upande mmoja na kuacha upande mwingine hulipwa kwa tabu sana, na akaunti iliyolala huirudisha pesa ilikotoka.

Kisha kuna barua pepe. PIN nyingi Kenya zilifunguliwa kwenye saiba na kijana wa hapo, ambaye aliandika barua pepe yake na wakati mwingine namba yake ya simu ili kazi iishe haraka. Miaka kumi baadaye karani wa KRA anatuma swali moja dogo, anataka nakala ya cheti fulani, na swali linaingia kwenye sanduku la mtu ambaye hata duka ameshafunga. Jibu halirudi, faili linafungwa. Kabla ya kuomba, ingia sehemu ya kurekebisha taarifa za PIN, weka barua pepe unayoifungua kila siku na simu iliyo mkononi mwako. Ukishindwa kuingia kabisa, nenda na kitambulisho kwenye dawati la KRA lililo katika Huduma Centre. Kati ya yote yaliyo hapa, hili ndilo linalochukua muda mfupi zaidi na kuokoa miezi mingi zaidi.

Anayefanya kazi za ushauri au kandarasi ndogo ana mtihani mwingine. Yeye hukatwa ushuru wa zuio, asilimia 5 ya ada ya ushauri kwa mkazi, na anayemlipa anatakiwa kuufikisha ndani ya siku tano za kazi. Ushahidi wake ni cheti cha zuio kinachotoka iTax. Barua ya mteja inayosema “tulikata” haitoshi. Ila shida kubwa siku hizi iko upande wa matumizi. Tangu 1 Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliki kuondolewa kwenye mapato, isipokuwa vitu vichache kama mishahara, riba, tiketi za ndege na bidhaa ulizoagiza kutoka nje.

Ona inavyouma. Mtu amelipwa Sh1,200,000 kwa mwaka, amekatwa zuio la Sh60,000, na ametumia Sh800,000 kuifanya kazi hiyo. Faida ni Sh400,000, ushuru wake baada ya nafuu ni Sh28,600, kwa hiyo anadai Sh31,400. Mkaguzi anapopitia ankara, anakuta Sh200,000 zilikwenda kwa fundi na mwenye gari la kukodi ambao hawana eTIMS. Anazifuta. Faida inapanda hadi Sh600,000, ushuru unakuwa Sh88,600, na aliyekuwa anadai Sh31,400 sasa anadaiwa Sh28,600. Hakuna aliyedanganya na pesa ilitumika kweli. Kwa hiyo pitia ankara zako mwenyewe kwa jicho la mkaguzi kabla ya kuomba, na mwaka ukiwa bado unaendelea, mlipe mwenye eTIMS hata kama bei yake imezidi kidogo.

Kwa mwenye ulemavu aliye na cheti cha msamaha, Sh150,000 za kwanza za mapato kwa mwezi hazitozwi ushuru. Dai hukwama kwa sababu ya tarehe. Cheti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha, na hakirudi nyuma kuifunika miezi iliyotangulia. Andika kwenye ritani namba ya cheti na tarehe zake jinsi zilivyo, na anza kushughulikia cheti kipya mapema, kabla cha zamani hakijaisha.

Baada ya hapo fungua leja yako ndani ya iTax. Kama kuna deni lolote, KRA italikata kwenye marejesho kwanza, na sheria inairuhusu. Madeni yanayowashangaza watu ni faini za ritani ambazo hazikuwasilishwa, Sh2,000 kila moja kwa asiye na ushuru wa kulipa, tangu enzi za chuo walipochukua PIN kwa ajili ya mkopo wa HELB na kuisahau. Wasilisha ritani zote zinazokosekana kabla ya kuomba.

Sheria pia inakuruhusu kuomba salio litumike kulipia ushuru ujao badala ya kurudishiwa. Kwa mwenye biashara au kazi za ushauri ningependekeza hivyo, kwani pesa inafanya kazi haraka kuliko ikisubiri kupita benki. Kwa aliyeajiriwa na asiye na mapato mengine haina maana: ushuru wake wa mwaka ujao utakatwa na mwajiri vilevile, na salio litabaki limelala.

Halafu saa. Kifungu cha 47 cha Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 kinakupa miaka mitano tangu tarehe ushuru ulipolipwa kuomba urudishiwe. Tangu 1 Julai 2025, KRA ina siku 120 za kuliamua ombi, au siku 180 ikiamua kulikagua. Hapo awali zilikuwa 90 na 120, na kuziongeza ni kumbebesha mfanyakazi mzigo usio wake. Muda huo ukipita bila uamuzi, ombi linahesabiwa kuwa limekubaliwa. Ukiomba tarehe 10 Machi, siku 120 zinatimia 8 Julai, na 180 zinatimia 6 Septemba. Andika tarehe zote mbili kwenye kalenda siku unayoomba. Ya kwanza ikifika, tuma barua fupi kwa ofisi ya KRA inayoshughulikia PIN yako, ukiambatisha risiti ya ombi:

“Ombi la kurudishiwa ushuru wa mapato, mwaka 2025. PIN yangu ni hii, namba ya risiti ni hii, kiasi ni Sh38,083. Niliomba tarehe 10 Machi. Siku 120 zimetimia tarehe 8 Julai bila uamuzi kunifikia, wala taarifa kwamba ombi linakaguliwa. Kwa mujibu wa kifungu cha 47, naomba nijibiwe kwa maandishi: ombi limeidhinishwa tarehe gani, malipo yamefika hatua gani, na kama kuna hati inayokosekana, ni ipi.”

Kiswahili ni lugha rasmi, barua hiyo ni halali kama ilivyo. Nguvu yake iko kwenye maswali matatu yanayojibika. Barua ya kurasa tatu inayoeleza shida za nyumbani, hata kama kila neno ni kweli, haimpi karani kitu cha kufanya. Kupiga simu ni sawa, ila kila simu uifuatishe na ujumbe wa maandishi: “Leo saa nne nimeambiwa kwamba…” Simu isiyoandikwa ni kama haikupigwa.

Jibu lisipokuja, omba taarifa za faili lako chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inampa afisa siku 21 kujibu. Malalamiko ya kucheleweshwa bila sababu hupelekwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama ofisi ya Ombudsman. Haina ada, na inataka kuona kwamba ulishaiandikia ofisi husika kwanza. Ndiyo sababu ya kuweka nakala. Kinachoipa tume hiyo meno ni Ibara ya 47 ya Katiba, haki ya kutendewa kwa wakati na kupewa sababu kwa maandishi. Namba ni ile ile 47, rahisi kukumbuka.

Ukiwa unasubiri, utapata pia simu za wanaojua mtu ndani. Hakuna ada ya kuachilia marejesho, na nywila ya iTax haipewi mtu yeyote. Jihadhari hasa na anayejitolea kuipandisha namba ya karatasi M ili urudishiwe zaidi. Namba hiyo italinganishwa na ya mwajiri, haitalingana, na ritani imewasilishwa kwa jina lako, si lake.

Ombi likikataliwa, lote au sehemu yake, soma sababu na utazame tarehe ya taarifa. Una siku 30 tangu uarifiwe za kuupinga uamuzi huo, na pingamizi likikataliwa, njia inaendelea kwenye Baraza la Rufaa za Ushuru. Kama sababu ni mwezi ambao mwajiri hakuuripoti, mtafute mhasibu siku hiyo hiyo, kwani marekebisho yake yakiingia ndani ya siku hizo 30, unapeleka risiti badala ya hoja. Kama sababu ni cheti kilichokosekana, kipeleke pamoja na pingamizi. Na kama barua ya kukataa haina sababu yoyote, andika siku hiyo kuzidai, lakini usisubiri zije ndipo upinge. Weka pingamizi kwa ulichonacho, ukiambatisha P9, risiti ya ombi na orodha ya miezi 12 uliyoilinganisha mwenyewe, mwezi wenye tofauti ukiwa umepigwa mstari.